Bwana Afya na Chai ya Shavuni

Bwana Afya hakuingia nyumba ya mtu kwa mlango wa mbele. Alianzia chooni. Umekaa sebuleni na wageni wako, unasikia bati la mlango wa uani likilia, kisha kikohozi cha mtu mwenye mamlaka, kisha sauti: "Hodi wenyewe! Tundu lenu halina mfuniko!" Hapo mke wangu alijua ni wakati wa kuongeza kikombe.

Alikuwa afisa wa afya wa mtaa wetu hapa Dodoma, na wakubwa kwa wadogo walimwita kwa kazi yake. Alikagua vyoo, visima, bucha na migahawa. Kisha ikaja ile miaka ambayo serikali ilifungulia watu biashara na kupunguza watumishi wake, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alirudisha pikipiki. Vyoo hakuvirudisha. Jumatatu iliyofuata alikuja kwetu kama kawaida, kwa miguu, amevaa buti zake za mpira katika mji ambao mvua huja kama mgeni asiyelala.

"Bwana Afya," nikamwambia, "si wamekustaafisha?"

"Wamenistaafisha mimi, Katekista. Nzi wamestaafishwa na nani?"

Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hana tena mamlaka. Nadhani tuliogopa kugundua kwamba hakuwahi kuyahitaji. Maduka yalianza kujaa vitu ambavyo hatukuwa tumeviona tangu ujana wetu, sabuni za rangi zote, biskuti za ng'ambo, redio zenye taa, na yeye alipita katikati ya neema ile akitikisa kichwa. "Soko limekuwa huria," alisema, "choo hakijawa huria." Alikuwa na msemo mwingine aliousema misikitini na makanisani bila kubadilisha neno: "Nzi hana dini. Anatoka kwenye choo cha Hamisi, anatua kwenye ugali wa Yohana, wala hajisilimishi njiani." Shehe aliupenda sana msemo huo, akawa anautumia mwenyewe.

Katika baraza letu la wazee wa kanisa alikuwa mjumbe wa kudumu na mgombea uenyekiti wa kudumu, na hakushinda hata mara moja, kwa sababu ya ulimi. Tukizungumzia kwaya, alifika chooni. Tukizungumzia Krismasi, alifika chooni, akatukumbusha kwamba hata zizi la Bethlehemu lilihitaji kukaguliwa. Mchungaji alikuwa akifumba macho alipoanza kusema, na wageni walidhani anaomba. Huenda alikuwa anaomba kweli.

Nimwelezee na upande wake wa pili, maana mtu akisifiwa upande mmoja anakuwa sanamu. Bwana Afya alihubiri dhidi ya tumbaku kuliko mtu yeyote niliyemsikia. Aliwaambia wazee wa Kigogo waliokuja mnadani kwamba ugoro unakula midomo kama mchwa unavyokula mlingoti. Kisha akaingia kukagua choo cha mnada, na huko, nyuma ya ukuta, akachota ugoro wake mwenyewe na kuubandika kati ya shavu na ulimi. Mtaa mzima ulijua. Wachokozi walisema ndiyo sababu ya kupenda vyoo. Siku moja nilimuuliza kwa upole.

"Katekista," akasema, "askari wa magendo atayajuaje magendo asipoyaonja?"

Na kulikuwa na jambo la hospitali. Huyu ndiye mtu aliyempakia jirani yetu mmoja kwenye pikipiki akiwa na ngiri, jirani hataki, akamfunga na mpira wa tairi kiunoni ili asiruke njiani. "Ugonjwa hauombwi ushauri!" alimwambia huku wakiondoka kwa vumbi. Jirani yule alipasuliwa akapona, na yuko hai ninapoandika. Lakini Bwana Afya mwenyewe sikuwahi kumwona akimeza hata kidonge cha malaria mbele ya watu. Alikuwa anajua hospitali kama mpishi anavyojua jiko la hoteli: ndiyo maana hali chakula hapo.

Kidonda kilimwanzia ubavuni mwa ulimi, upande ule ule wa ugoro. Nilikigundua kwa sababu alianza kuacha chai yetu ipoe kabisa kabla ya kuinywa, na pilipili ya mke wangu, aliyoipenda, akawa anaizunguka kwenye sahani. Baadaye likaonekana fundo chini ya taya. Mkewe alipolitazama, Bwana Afya alifunga kitambaa shingoni akasema ni baridi ya Dodoma. Baridi ya Dodoma ipo kweli, lakini huo ulikuwa mwezi wa Novemba, wa joto.

Mpwa wake aliyesomea udaktari ndiye aliyemletea jarida, bila kujua anampa nini. Ndani yake, kwa Kiingereza, ilikuwa imeandikwa kwamba wataalamu wa ng'ambo wanachunguza kemikali zilizomo katika chai ya kijani, na kwamba kemikali hizo zikimwagwa juu ya seli za saratani ya kichwa na shingo katika vyombo vya maabara, seli hupunguza kasi ya kuzaliana, na nyingine hujiua zenyewe. Bwana Afya alilisoma na kamusi pembeni. Kisha akaja kwetu, akapitia chooni, akanikuta natayarisha mafundisho ya kipaimara.

"Katekista, nina swali la imani. Seli ikijiua, imetenda dhambi?"

Nimesoma mafundisho mengi, na hilo halikuwemo.

"Seli haikubatizwa, Bwana Afya," nikasema.

"Basi vizuri." Akainuka. "Kesho nanunua chai."

Chai hiyo aliipata kwenye duka moja jipya la bidhaa za China, ndani ya kopo lenye picha ya mlima na ukungu. Muuzaji alifurahi kumpata mnunuzi, maana watu wa kwetu wanajua chai ni nyekundu, ina maziwa, na ina sukari ya kumfanya mgeni ajue anapendwa. Kumpa mtu maji ya kijani machungu ni kumwambia aende zake. Bwana Afya aliliweka kopo jikoni, akaenda kukagua mgahawa.

Mkewe, mwanamke mpole wa Bahi, alikuwa na wageni siku hiyo. Akafungua kopo. Akaona majani makavu ya kijani. Kwetu Ugogoni majani makavu ya kijani ni mboga: tunayachuma masika, tunayaanika, tunayatwanga, na kiangazi yanakuwa mlenda. Akayatwanga. Akayachemsha na magadi, akatia karanga. Mboga ikakataa kuvutika kama mlenda. Akaongeza magadi. Mume aliporudi alikuta wageni wamekaa mbele ya ugali, nyuso zimekunjamana, kila mmoja anamsubiri mwenzake awe wa kwanza kukosa adabu.

"Mama, hii mboga umeitoa wapi?"

"Kwenye kopo lako. Wachina hawajui kuanika, imekuwa chungu."

Nilikuwepo, ndiyo sababu nasimulia. Bwana Afya alitazama kopo tupu, akatazama chungu, akakaa, akala mboga yote peke yake, polepole, akiibingirisha juu ya kidonda. Mkewe alidhani anamheshimu. Siku iliyofuata alikagua vyoo vya mtaa mzima kabla ya watu kunywa uji, chai ile imemnyima usingizi, macho yamemtoka kama taa za lori.

Baada ya hapo mkewe na mimi tulimbembeleza mpaka akakubali kuonana na daktari mjini. Nilimsindikiza. Daktari alikuwa mama kijana, mwenye subira. Aliangalia ulimi, akabonyeza shingo, akavua miwani.

"Shikamoo tena, mzee. Hiki kidonda sikipendi. Nataka nikate kipande kidogo kikapimwe, halafu uende Dar es Salaam. Wanaweza kupasua, wanaweza kupiga mionzi. Ukienda sasa."

Bwana Afya akatoa jarida mfukoni. Daktari alilisoma lote, kwa heshima, nami nikamshukuru Mungu kwa ajili yake.

"Ni kweli, mzee. Watu wanalichunguza, na mimi natamani liwe kweli zaidi. Lakini soma hapa: kwenye kisahani cha maabara. Wamechukua kemikali iliyochujwa, wameimwagia seli moja kwa moja, nyingi kuliko itakavyotoka kwenye kikombe chako. Wewe ukinywa, inapita, inakwenda tumboni. Kunywa, sikukatazi. Lakini wewe si kisahani."

Tulitoka nje. Bwana Afya alisimama juani, na nilipomtazama usoni nilijua kwamba amesikia neno moja tu.

"Katekista," akasema, "kama tatizo ni kwamba inapita, dawa ni kuizuia isipite."

Hivyo ndivyo Bwana Afya alivyoamua kuwa kisahani. Alinunua kopo jingine, akatembea na chupa ya chai kwapani, akajaza mdomo, akafunga. Chai ilikaa shavuni mpaka ikawa ya vuguvugu kama mate, akaimeza, akajaza nyingine. Alifungua mdomo wakati wa kula tu. Mtu akimsalimu "Shikamoo Bwana Afya," aliinua vidole viwili badala ya marahaba, na mama mmoja mgeni mtaani akauliza lini amekuwa askofu. Aliendelea kukagua vyoo. Tulisikia bati likilia, tukasikia kikohozi kilichobanwa puani, kisha kimya, na kimya kile kilitutisha kuliko maneno. Watu ambao hawakuwahi kununua mifuniko wakainunua.

Kwenye baraza la wazee ndiko mambo yalikoharibika kwa kutengenezeka. Kulikuwa na ugomvi wa kwaya: nyuzi za gitaa zimepotea, na kila upande unamshuku mwenzake. Bwana Afya alikaa, shavu limejaa, akamtazama mwenyekiti wa kwaya. Hakuwa anamfikiria. Alikuwa anahesabu muda wa chai. Mwenyekiti wa kwaya akatazama chini, akatazama dirisha, akatokwa jasho, akasema, "Basi jamani, nimezificha mimi, ziko chini ya godoro." Ukumbi ukavuta pumzi. Mchungaji akamtazama Bwana Afya kama mtu anayemwona Danieli.

Uchaguzi ulipofika alishinda uenyekiti bila kufungua kinywa. Kisha sifa zikatoka nje ya mtaa. Watu walikuja kutoka Chamwino na kesi za mashamba, wakakaa mbele yake, wakasema, wakajibishana, wakatazama shavu lile lililotulia, na mmoja wao akaanza kuona aibu. "Yule mzee ana hekima," walisema wakiondoka. "Hasemi hovyo." Wanaume ambao zamani walimkimbia waliposikia buti zake sasa walimletea kuku.

Lakini fundo la shingoni lilikuwa linakua, na kitambaa kilikuwa hakilifuniki tena. Jumapili moja mkewe alinivuta pembeni ya kanisa.

"Shemeji, mnamsifia ukimya. Mimi nalala na huo ukimya. Unanuka."

"Nikimwambia habari ya hospitali," akaendelea, "ananionyesha shavu. Mchungaji akimwambia, anaonyesha shavu. Na sasa mmempa uenyekiti wa kuonyesha shavu. Nani atamfungua mdomo mwanaume huyu?"

Mungu hujibu kwa mkono anaoutaka. Safari hii alitumia mtani.

Kwa wasiotoka huku niseme kidogo. Bwana Afya ni Mgogo, na jirani yake alikuwa mama Mnyamwezi aliyeuza mitumba, tuliyemwita Mama wa Tabora. Makabila hayo mawili ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo mke hana, mchungaji hana, daktari hana. Kwenye msiba mtani huigiza marehemu, hulala kaburini, hunyakua kitu cha wafiwa na kukataa kukirudisha mpaka akombolewe, na ni mwiko kumkasirikia. Anayekomboa hakatai anachodaiwa.

Siku hiyo mchana baraza lilikuwa limekaa kivulini, nyumbani kwa Bwana Afya, kuamua kesi ya wakwe wawili na mbuzi wa mahari aliyefia njiani: alikuwa bado wa huyu au ameshakuwa wa yule? Bwana Afya katikati, shavu limejaa. Ghafla tukasikia kilio barabarani, kilio cha msiba kabisa, na Mama wa Tabora akaingia amejifunga kanga kichwani, akajitupa vumbini mbele ya miguu ya mwenyekiti.

"Uwiii! Mtani wangu amekufa! Amekufa na chai mdomoni!"

Wakwe wakasimama. Mimi nikaketi vizuri.

"Babu zangu wapagazi walipita hapa na mizigo kichwani," alilia, "Wagogo wakawauzia maji! Leo Mgogo ana maji mwenyewe, kayaweka shavuni, hayamezi, hayatemi! Uchoyo gani huu, watu wa Mungu?"

Mtu mmoja akacheka. Bwana Afya akakaza midomo. Mama wa Tabora akatoa kamba, akaanza kumpima kutoka utosini hadi miguuni.

"Chimbeni refu! Na shavu lichimbiwe la kwake! Mama, wewe mjane, koti lake nani analichukua? Na ile kesi ya mbuzi muulizeni huko huko ahera, mbuzi mwenyewe yupo, atasema alikuwa wa nani!"

Niliona mabega ya Bwana Afya yakianza kutikisika. Alifumba macho. Akashika kiti chake pande zote mbili. Mama wa Tabora akalala chali, akakunja mikono kifuani, akajaza shavu hewa, akainua vidole viwili vya marahaba kama maiti anayepokea salamu.

Bwana Afya alicheka. Chai ikatoka kwa nguvu, ikamlowesha mkwe wa kushoto kuanzia kofia. Watu wote wakaangua kicheko, mkwe mwenyewe akacheka, akajipangusa uso kwa kiganja, akakitazama kiganja, akaacha kucheka. Haikuwa kijani. Ilikuwa nyekundu kwa damu.

Kulikuwa na kimya ambacho hakuna mtu aliyekiita hekima.

Mama wa Tabora alikaa, vumbi mgongoni. Hakulia tena. Alisogea, akamvua Bwana Afya buti, moja kisha nyingine, kama mtu anayemvua mtoto, akazikumbatia.

"Nimeshakuzika, mtani. Sasa nadai ukombozi wangu. Sitaki mbuzi, sitaki kuku zako. Nataka uende Dar es Salaam. Buti utazikuta kwangu."

Bwana Afya alitazama miguu yake mitupu. Alitutazama sote, mmoja mmoja, wala hakukuwa na chai mdomoni.

"Mama," akamwambia mkewe kwa sauti iliyopasuka, maneno yake ya kwanza barazani tangu achaguliwe, "tafuta zile ndara zangu."

Walimkata sehemu ya ulimi, wakamsafisha shingo, wakampiga mionzi. Alikaa huko miezi. Yule daktari mama kijana alimpokea aliporudi, akamwambia wamewahi, ingawa kwa unywele tu. Bwana Afya akataka kujua kama chai ilisaidia kuchelewesha uvimbe. Daktari alisema hawezi kusema ndiyo na hawezi kuapa hapana. Anachojua ni kwamba mkasi umesaidia. Mimi naamini Mungu ameweka mengi ndani ya majani, na wanaoyachunguza wafanye kazi yao kwa subira. Lakini nimejifunza kwamba subira na kuchelewa huvaa nguo za aina moja, na mtu anaweza kumkaribisha mmoja akidhani ni mwenzake.

Uenyekiti aliuacha. Alijaribu kusoma somo kanisani, na waumini walisikiliza kwa upendo bila kuelewa, mpaka Mchungaji akamwomba apumzike. Hilo lilimuuma kuliko mkasi. Baadaye akahamia ukweni, Bahi, kulima mpunga.

Nilimfuata huko mwaka mmoja wa mvua nzuri, mpunga ukiwa umeanza kukomaa na ndege wa kwelea kwelea wameshuka kama vumbi lenye mabawa. Mkewe alinielekeza majarubani, kwenye vitalu vya mpunga. Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia ndege, teo la kurushia tope mkononi, anapiga kelele. Haikuwa sauti ya kupendeza. Ilitoka kooni, bila ncha, bila herufi, ndefu na nzito, na kila alipoitoa, kipande cha anga kilihama.

Nilipanda kwa shida, tukashikana mikono. Alikuwa amekonda, mdomo umemkauka, na macho yake yalikuwa yale yale ya mtu anayetafuta kosa.

"Kanisani hawanielewi," akasema. Ilibidi nitazame midomo yake. "Hawa wananielewa."

Akanipa teo. Nikarusha tope, nikaita "Haya! Haya!" jinsi ninavyojua.

"Unawabariki, Katekista! Wafukuze!"

Basi nilijaza kifua, nikatoa ukelele ambao sikuwahi kuutoa tangu niwe mtu mzima, naye akatoa wake juu ya wangu, na kundi zima likainuka, likageuka mara moja angani, likaenda kutua kwenye jaruba la jirani. Jirani akatoka kwenye dungu lake akaanza kututukana, sisi na wazazi wetu. Bwana Afya akaweka teo chini, akashika kiuno, akamjibu kwa ulimi uliobaki, bila kuruka hata tusi moja, na jirani akaelewa yote.